Kadi ya Mwisho kwa Télesphore

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Gertrude ni jinsi alivyobeba bahasha. Aliilaza juu ya viganja viwili, viwiko vimebana mbavuni, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi iliyojaa hadi ukingoni. Ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Novemba. Watu kama arobaini walikuwa wamepanga mstari nje ya ofisi inayotoa vibali vya kutoka katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na tope jekundu la mvua ya kwanza lilikuwa limeshika viatu vya kila mtu. Huyu alishika karatasi ya hospitali, yule wito wa mahakama, mwingine orodha ya bidhaa za kununua mjini. Yeye peke yake alishika bahasha iliyokwisha kufungwa, nayo ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe.

Mimi huketi pembeni ya meza ya afisa na kutafsiri. Nilimaliza shahada yangu mwaka huu, na hii ya kujitolea ndiyo kazi niliyoipata. Nalisema mara moja ili nisilirudie, kwa maana habari hii si yangu.

Zamu yake ilipofika, afisa aliuliza kwa Kichewa sababu ya safari.

"Naenda kutia kadi ya Noeli posta," Mama Gertrude akajibu. "Kule Lilongwe."

Nikatafsiri. Afisa akaweka kalamu chini.

"Kadi? Mwambie siku hizi watu wanatumiana kwa simu. Picha ya kengele, picha ya nyota, dakika moja imefika. Nani bado anatuma kadi?"

Nikatafsiri hilo pia. Mama Gertrude hakumtazama afisa, alinitazama mimi.

"Umuambie hivi: simu inajibishanaka. Kadi inanyamazaka."

Afisa hakuelewa, na kusema kweli hata mimi sikuelewa. "Alete barua ya maombi yenye sababu ya maana," akasema. "Anayefuata!"

Mama Gertrude alitoka mstarini polepole, bahasha ikiwa bado juu ya viganja. Mchana nilipopumzika nilikwenda kumtafuta. Niliona haya kwamba nilikuwa mdomo wa kumkatalia.

Si vigumu kumpata. Cherehani yake iko mbele ya mlango, chini ya turubai, karibu na meza ya nyanya ya jirani yake Véronique. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweupe upande mmoja. Alitoka Bukavu akiwa msichana, akashona miaka mingi Chinsapo, mjini Lilongwe, pamoja na washonaji wenzake wa chama kimoja, hadi mwaka 2023 tulipoamriwa wote kurudi kambini. Nilimweleza kwamba nimekuja kumwandikia barua ya maombi. Kabla hajajibu, Véronique alikwisha kucheka.

"Eeh! Mutoto ya université anakuja kuandika barua ya kuomba ruhusa ya kutuma barua!"

"Uzisha tomate yako, Véro," Mama Gertrude akasema.

"Nauzisha. Tomate yangu bantu banaijibu. We unatuma karatasi Kanada tangu lini? Mwaka ya tano, ya sita? Bamekurudishia nini? Hata bic! Hata bonbon moja!"

Mama Gertrude alinyoosha kitambaa chini ya sindano bila kuinua kichwa. Lakini mguu wake ulikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na uzi ukakatika.

Alinikaribisha ndani, akanionyesha kadi alizokuwa akitengeneza zamani. Hukata karatasi ngumu ya katoni, akaifunika kwa karatasi nyeupe, kisha akashonea juu yake vipande vya kitenge: nyota, ndama, mama na mtoto. Hutumia uzi, hatumii gundi, kwa sababu gundi hubanduka katika safari. Miaka iliyopita alikuwa akituma nane, kwa watu wote wa chama chake waliopelekwa ng'ambo. Walimshukuru kwa simu, wakamtumia picha za kengele na nyota. Mwaka huu alitengeneza moja tu, ya mdogo wake Télesphore.

Nikamwuliza kwa nini kadi, wakati hata afisa anajua kwamba simu ni rahisi. Nilitarajia jibu la dini. Akanieleza habari ya baba yake.

Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mtaa wa Kadutu, Bukavu, na alikuwa na sheria ya Noeli. Watoto wake waliogombana hawakuruhusiwa kuombana msamaha kwa mdomo, kwa kuwa alijua wangeanza upya hapohapo. Kila mmoja alikata karatasi, akaipamba, akaandika yaliyo moyoni mwake, akaitia ndani ya kiatu cha mwenzake. Aliyeandikiwa alikuwa na nafasi hadi Bonane, yaani siku ya mwaka mpya, kurudisha kadi yake. Ikirudi, ugomvi umekwisha, na anayeutaja tena ndiye mkosaji.

"Ju kadi," aliniambia, "ukiisoma hauwezi kumukatiza mwenye aliandika. Unamuacha amalize. Mi na Télesphore kwa simu? Hata dakika mbili hatuwezi."

Ugomvi wao ni huu. Mwaka 2019 majina yao yalitoka kwenda Kanada. Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja, madaktari wakasema hawezi kusafiri. Gertrude akabaki naye, Télesphore akaenda. Mwaka uliofuata mama akafariki. Télesphore alipiga simu akilia na kufoka: kwa nini hakuambiwa mapema kwamba hali imekuwa mbaya? Na Gertrude, ambaye alikuwa hajalala siku nne, akamjibu maneno ambayo hadi leo huyasema kwa sauti ndogo, akitazama sakafu: "We hauna mama, na hauna dada."

Télesphore alibadilisha namba. Wiki tatu baada ya mazishi likaja furushi alilolituma kabla ya msiba: sweta ya mama, ya rangi ya maziwa. Juu ya katoni palikuwa na anwani ya Télesphore, iliyochapwa na posta ya kule. Gertrude alikata kile kipande cha katoni kwa mkasi, na tangu mwaka ule kila Novemba hukiweka mezani na kunakili anwani hiyo herufi kwa herufi, jina la mji asiloweza kulitamka na mengine yote. Kadi tano zimekwenda. Halijarudi jibu hata moja.

"Na ndani ya hii umeandika nini, mama?"

Alitia uzi katika tundu la sindano kwanza. "Nimeandika: hii njo ya mwisho. Mi niliomba pardon mara tano. Ukinyamaza na sasa, basi na mi sina ndugu."

Nilimwambia ningeweza kumtafuta Télesphore katika mtandao. Nilikuwa nimekwisha kumtafuta, kweli, tukiwa tumeketi pale: ukurasa wenye jina lake, picha moja ya theluji juu ya gari, na hakuna jipya tangu miaka mitano.

"Ile ni soko, Bénie," akasema. "Mambo ya mama yetu siwezi kuyapeleka soko."

Nikaandika barua. Katika nafasi ya sababu nikaweka "shughuli ya dharura ya kifamilia". Afisa akaisoma, akanitazama kwa muda, akatia saini vibali viwili vya Jumatano, kimoja chake na kimoja changu, ili nimsaidie Kichewa.

Posta ile ya Lilongwe ina madirisha sita, na siku hiyo lilikuwa wazi moja. Tulisimama saa moja na nusu. Tulipofika mbele, karani, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alipima bahasha, akachukua stempu, akaigeuza bahasha ili aone jina la mtumaji. Hapo akasimama.

"Sanduku hili la posta lililoandikwa nyuma si lenu," akasema.

"Ni letu," Mama Gertrude akasema nilipomfafanulia. "Ni ya chama yetu ya Chinsapo. Tangu zamani sana."

Karani akafungua daftari kubwa. "Lilikuwa la chama cha washonaji. Halikuhuishwa tangu 2023. Sasa ni la mwenye duka la vipuri vya baiskeli, Area 25. Nani alikuwa na ufunguo wenu?"

"Akilimali. Secrétaire."

"Yuko wapi?"

"Australia," akasema Mama Gertrude.

"Na ufunguo?"

Akilimali alipata ndege miezi miwili kabla ya sisi kuamriwa kurudi kambini. Kila mtu alimfikiria yeye, masanduku yake, mikate ya safari, sala ya kumuaga. Hakuna aliyekumbuka kwamba mfukoni mwa suruali yake mlikuwa na mlango wa barua zetu zote. Na Mama Gertrude, kwa sababu chama kilikuwa na anwani moja tu tangu mwanzo, aliendelea kuiandika nyuma ya bahasha kila mwaka, kwa mwandiko mzuri wa shule, huku akiamini kwamba jibu likija litajua njia ya Dzaleka.

Nilimweleza karani habari hiyo. Alitaka kucheka, akajizuia, akakohoa. "Basi nitie stempu au nisitie?"

Mama Gertrude alinyoosha mkono, akaichukua bahasha yake. "Twende kwa ule mwenye vélo," akaniambia.

Tulikwenda Area 25. Duka lenyewe ni dogo, matairi yamening'inia mlangoni kama mapazia. Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kreti akinyoosha spoku. Nilimsalimu, nikaomba radhi, nikamweleza habari ya sanduku. Nilijiandaa kwa ukali. Badala yake alifuta mikono na kusimama.

"Kumbe ni ninyi! Barua zenye ndege!"

"Ndege gani, bambo?" nikamwuliza kwa heshima.

"Juu ya stempu. Ndege mweusi mwenye kichwa cheupe. Januari ya mwaka jana moja, Januari ya mwaka huu moja. Zimeandikwa Kanada. Binti yangu alitaka kuzibandua, nikamkatalia, nikasema hii ni ya watu. Jina la mama mmoja, linaanza na G. Nilizirudisha zote mbili dirishani posta."

Nilimgeukia Mama Gertrude kutafsiri, lakini alikwisha kusikia Kanada, na alikuwa amekaa chini, juu ya rundo la mipira ya ndani.

"Mbili?" akauliza.

"Mbili, mama."

"Mwaka mbili namutukana," akasema. "Kila Bonane. Ndani ya roho yangu namutukana, na kwa mudomo pia, Véro anasikiaka. Na ye aliandika." Kisha akakasirika ghafla, si kwa mwenye duka wala kwa karani, bali kwa bahasha iliyokuwa mapajani mwake. Aliipiga kofi. "Na hii nilikuwa naitia leo! Saa ingine moja, ingekuwa imeenda!"

Mwenye duka aliniuliza mama anasema nini. Nikamwambia anashukuru. Akamletea maji. "Zikomo, bambo," Mama Gertrude akasema, akanywa nusu, akakumbuka jambo, akakirudisha kikombe. "Umuulize: ni moja mwandiko, hizi mbili? Ju Kanada niko na bantu babili. Kuko na Rosette wa chama."

Mwenye duka hakujua. Aliangalia upande wa mbele tu, tena upesi. Rosette, nilipomwuliza baadaye kwa simu, alisema hajaandika barua katika maisha yake, lakini Rosette pia husahau mengi, na Mama Gertrude hakutaka kulitegemea neno lake.

Tukarudi posta. Tulikimbia, kwa kweli, sehemu ya njia tukapanda kabaza mbili, yeye kwenye baiskeli ya mbele amenyoosha mgongo, bahasha mbele yake juu ya viganja, hata katika mashimo. Dirisha lilikuwa karibu kufungwa. Dada yule alisikiliza yote, na naamini aliumia pamoja nasi, lakini kuumia hakukufungua chochote.

"Barua isiyo na mwenyewe ina njia mbili," alisema. "Kama aliyeituma ameandika anwani yake nyuma, tunamrudishia. Kama hakuandika, inawekwa stoo, ndani ya mfuko, hadi mifuko ikaguliwe mwisho wa mwaka. Na mwenye stoo yuko likizo. Anarudi Jumatatu tarehe kumi na tano Desemba."

"Hakuna mwingine mwenye ufunguo?"

"Yeye tu."

Nilitafsiri sehemu ya kwanza, na nilipofika kwenye kurudishiwa aliyeituma, uso wa Mama Gertrude ulibadilika. Alielewa kabla yangu. Kama barua zilirudi Kanada na muhuri wa kukataliwa, basi Télesphore amezipokea kama jibu. Ameamini kwamba dada yake aliona mwandiko wake, mara mbili, akasema rudisha.

Tulitoka nje, tukakaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kulia. Nilitaka kurudi ndani na kudai, kuandika malalamiko, kumtafuta mkuu wa mtu fulani. Nilikuwa nimekwisha kutunga aya ya kwanza kichwani. Mama Gertrude aliigeuza bahasha yake, akatazama upande wa nyuma. Kisha, sitalisahau, akacheka kidogo kwa pua.

"Télesphore hakuandikaka jina yake nyuma," akasema. "Hata siku moja. Papa alimupiga ju ya hiyo, mara ngapi! 'Mwandishi asiye na jina ni mwizi.' Na ye kila mara anasahau. Nilikuwa namuandikia mi, ili asipigwe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niombe Mungu kama hakukomaa, angali anasahauka."

Siku kumi na tisa zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilipiga simu posta mara nne, ikaita hadi ikakatika. Mama Gertrude alishona sare za kwaya za Noeli na kuzifumua, kola zimekwenda mrama. Véronique, ambaye sasa alijua yote, aliacha kumtania kwa siku mbili, kisha akaona kwamba ukimya unamuumiza mwenzake zaidi, akaanza tena.

"Mama Gertrude! Facteur wa posta alipita, nilimuambia hauko!"

"We Véro, nitakushona mudomo."

"Na uzi ya rangi gani?"

Katika siku hizo nilimpata Akilimali kwa simu. Nilimwandikia kuhusu ufunguo. Baada ya saa kadhaa akatuma sauti: "Ufunguo ya posta? Aii, Bénie, we pia, tangu lini nitakuwa na... Ngoja." Kukawa na kelele za vyuma. "Ngoja kwanza. Hii kadogo? Iyo! Iko hapa na ufunguo ya motoka yangu! Mi nilikuwa najua ni ya nyumba yetu ya Chinsapo, nikasema nitaichunga, souvenir." Akatuma na picha: ufunguo mdogo wa shaba, namba ya sanduku imechongwa juu yake, wazi kabisa. Kwa miaka miwili na nusu ulikuwa ukienda kazini naye kila asubuhi.

Nilimwonyesha Mama Gertrude picha ile. Aliitazama, akaisogeza karibu na miwani. "Anaichunga muzuri," akasema, nikashindwa kujua kama ni dhihaka.

Wiki ya pili nilimkuta akikata kitenge kipya. Si kipya, nasema vibaya: kilikuwa cha zamani, cha buluu na njano, kimefifia kwenye mikunjo. Kilikuwa cha mama yao. Alikuwa hajawahi kukikata. Alitoa kipande kidogo kwenye pindo, mahali ambapo hakitaonekana, akashona nyota moja juu ya karatasi nyeupe. Ndani hakuandika neno. Nikamwambia, kwa namna ya mtu anayejali muda, kwamba kadi ya kwenda Kanada isipotumwa sasa haitafika Noeli, wala Bonane.

"Nitaandika nini?" akauliza. "Nimuambie asante kwa barua yenye sijasoma? Ama nimuambie pardon ju nilimurudishia? Sijui ni gani. Hapa niko kama mutu mwenye anajibu mutihani hajaona maswali."

"Na ile nyingine? Ya mwisho?"

Aliinua kona ya godoro. Bahasha ilikuwa pale, ndani ya mfuko wake wa plastiki, haijafunguliwa. "Kama stoo haina kitu, na Rosette anakumbuka ni ye aliandika, basi ile itaenda. Sikuikataa. Naichelewesha tu."

Nilimwomba aichane. Nilimweleza kwa ufasaha wote niliofundishwa. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza hata mara moja, kisha akairudisha kona ya godoro mahali pake.

Leo ni Jumatatu, tarehe kumi na tano. Afisa alitaka kujua ni dharura gani ya kifamilia inayotokea mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa nimeandaa barua ya kurasa mbili. Mama Gertrude alinizuia kwa mkono, akamwambia mwenyewe, kwa Kichewa cha Chinsapo ambacho sikujua anacho, kibovu lakini kinachoeleweka: "Mdogo wangu aliniandikia. Bado sijasoma." Afisa alimtazama, akamtazama na bahasha mbili zilizokuwa juu ya viganja vyake, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, ya kadi yenye nyota. Akatia saini bila kuuliza zaidi.

Tunaondoka kesho alfajiri, na dirisha la posta hufunguliwa saa moja na nusu. Mchana nilipiga simu tena, na mara ya sita ikapokewa: ndiyo, mwenye stoo amerudi, ndiyo, mifuko ya mwaka jana, iliyochelewa kukaguliwa, na ya mwaka huu bado ipo, hapana, hawawezi kutazama kwa simu, mje wenyewe. Nilikimbia kumwambia. Alikuwa akipiga pasi gauni lake la kanisani.

"Ulete bic kesho," akasema. "Ya bleu. Isiwe ya kuvuja. Nitaandikia pale pale, ku ngazi."

Véronique, nje, ameniomba nimpigie simu mara tu mfuko utakapofunguliwa. Kabla sijamjibu, akaongeza kwamba ni kwa sababu ya nyanya tu, apate kujua kama amchungie Mama Gertrude zake, maana kesho huenda tukachelewa kurudi.